Kibao Kipya, Deni la Zamani: Historia ya Maduka ya Bei Nafuu na Majina Yake

KATANIKA, Kalemie – Mfuko mmoja wa unga una bei mbili. Kuna bei anayolipa mwenye depo anayeuchukua bandarini, na kuna bei anayolipa mama anayenunua kopo moja jioni ili watoto wapate bukari. Mwenye fedha nyingi hununua kwa bei ndogo, na mwenye fedha kidogo hununua kwa bei kubwa. Familia zilizofika Katanika zikikimbia mapigano yaliyoenea katika jimbo la Tanganyika mwaka 2016 na 2017 zinalijua jambo hili vizuri, kwa sababu mtu aliyeacha shamba lake hulazimika kununua hata kile alichozoea kulima.

Maduka ya bei nafuu yalianzishwa katika nchi mbalimbali ili kupunguza pengo hilo. Wazo lake ni jepesi: duka linunue mali nyingi kwa pamoja, liiuze haraka, na liridhike na faida ndogo kwa kila kitu. Baadhi ya maduka hayo yalikua mpaka yakawa na matawi mamia. Mengine yalikufa. Mengi yalibadilisha jina, mara moja, mara mbili au hata zaidi. Historia yake inafundisha jambo moja ambalo linamhusu pia mnunuzi wa Katanika: kibao cha duka hupakwa rangi kwa siku moja, lakini bei ya chini hudumu pale tu ambapo mwenye duka anawalipa wale waliomletea mali.

Tuanzie hapa nyumbani. Reli kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Albertville, ukawa mlango wa mali inayoingia Kongo kutoka mashariki. Ng'ambo ya ziwa, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Tangu wakati huo sukari, chumvi, sabuni na nguo nyingi zilizouzwa Kalemie zimepita njia hiyo ndefu: meli ya baharini, gari la moshi, meli ya ziwani, na mwishoni mgongo wa mchukuzi. Kila kituo kinaongeza kitu kwenye bei. Ndiyo sababu duka la bei nafuu ni gumu kulisimamisha hapa kuliko katika mji ulio kando ya bahari.

Katika Katanga ya wakati wa Wabelgiji, kampuni kubwa zilikuwa na njia yao ya kukabiliana na bei. Union Minière, iliyochimba shaba, iliwapa wafanyakazi poso: unga na vyakula vingine, kama sehemu ya ujira wao. Kando ya poso kulikuwa na kantini ya kampuni. Mfanyakazi hakuhangaika na bei ya soko, kwa sababu kampuni ilinunua kwa wingi na kubeba hasara yenyewe. Lakini raha hiyo ilikuwa na mwiba wake. Chakula cha nyumba nzima kilitegemea mwajiri mmoja.

Serikali ilitaifisha Union Minière mwaka 1967, na baada ya majina mengine ya muda mfupi kampuni ikaitwa Gécamines. Kibao kilibadilika, lakini mfuko wa unga uliendelea kuja, kwa hiyo watu wengi hawakuona tofauti kubwa mezani. Tofauti ilionekana baadaye, shaba ilipoanguka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, uzalishaji ukashuka vibaya miaka iliyofuata, na unga ukaanza kuchelewa pamoja na mishahara. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Jina la kampuni lipo mpaka leo. Kilichokwisha ni fedha zilizokuwa nyuma ya jina hilo.

Mabadiliko makubwa zaidi ya vibao vya maduka katika nchi hii yalikuja mwaka 1973. Miaka miwili kabla, mwaka 1971, Mobutu alikuwa ameibadilisha Kongo kuwa Zaire. Mwaka 1972 raia waliamriwa kuacha majina ya Kizungu na kuchukua majina ya wazazi wa asili. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kwamba mashamba, maduka na biashara nyingi za wageni zitapewa Wazaire. Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengine waliokuwa na magazini katika miji ya nchi nzima walitakiwa kukabidhi. Waliopokea waliitwa kwa Kifaransa "acquéreurs", na wengi wao walikuwa watu waliokuwa karibu na utawala.

Kwa mtu aliyepita barabarani, kazi ilikuwa imekamilika: duka lilikuwa na mwenyewe mpya na mara nyingi jina jipya. Ndani ya duka mambo yalikuwa tofauti. Wengi waliopokea maduka waliuza mali waliyoikuta, wakatumia fedha, na hawakuagiza mali nyingine. Wengine walitaka kuagiza lakini hawakuwa na mikopo wala uhusiano na wauzaji wa jumla wa nje, ambao walikuwa wakimwamini mwenye duka wa kwanza. Bei ya shaba ilipoanguka mwaka 1974, fedha za kigeni zikapungua, na kuagiza kukawa kugumu hata kwa wenye nia njema. Rafu zikabaki tupu na bei zikapanda. Mwaka 1976 serikali ikaruhusu wenye mali wa zamani warudishiwe sehemu ya biashara zao. Wengine walirudi, wengine hawakurudi tena.

Ng'ambo ya ziwa, katika miaka hiyohiyo, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Nia yake ilikuwa kumwondoa mlanguzi katikati ya mkulima na mlaji. Kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kama RTC, zilipewa kazi ya kugawa bidhaa kwa bei iliyopangwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya kijiji. Matokeo yakafanana na ya Zaire, ingawa nia na njia hazikufanana. Maduka mapya yalikuwa machache, mali haikufika kwa wakati, na wanavijiji wakatembea mbali kutafuta chumvi na mafuta ya taa. Serikali ikalazimika kulegeza amri hiyo.

Nchi mbili, majaribio mawili, na kosa moja. Wote walidhani duka ni jengo, rafu na kibao. Duka ni zaidi ya hayo. Duka ni ahadi kati ya watu wengi: mkulima anayemwamini mwenye lori, mwenye lori anayemwamini mwenye depo, mwenye depo anayemwamini mwenye butiki. Ukimwondoa mtu mmoja katikati bila kuweka mwingine anayeaminika, mali husimama njiani.

Basi bei nafuu inatoka wapi? Jibu la kwanza lilipatikana Marekani. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis, Clarence Saunders alifungua duka lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya meza, akataja anachotaka, na mfanyakazi akamletea. Saunders alimruhusu mteja aingie mwenyewe, achukue kikapu, azunguke kwenye rafu na alipe mlangoni. Wafanyakazi walipungua, na gharama ikapungua. Supamaketi zote zilizokuja baadaye zimefuata njia hiyo.

Jibu la pili lilitoka Ujerumani. Mwaka 1913 mama mmoja wa ukoo wa Albrecht alifungua duka dogo katika mji wa Essen. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wanawe wawili, Karl na Theo, walilichukua wakati watu walikuwa na njaa na fedha hazikuwapo. Wakaamua kuuza aina chache tu za bidhaa, zile ambazo kila nyumba inazihitaji, bila mapambo, mara nyingi zikiwa bado ndani ya maboksi yake. Kwa kuuza aina chache kwa wingi, waliweza kumbana muuzaji wa jumla apunguze bei. Mwaka 1962 wakalipa duka jina jipya: Aldi, lililotokana na Albrecht na neno Diskont, yaani punguzo. Jina hilo lilimwambia mteja kwamba humu ndani bei ni ya chini. Lakini jina lilikuja baada ya kazi, halikutangulia. Bei ilikuwa tayari imeshuka kabla ya kibao kubadilishwa.

Katika Afrika Mashariki, historia ndefu ya maduka ya namna hii iko Kenya. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, kwa nia ya kuwafikishia wananchi bidhaa muhimu kwa bei wanayoiweza. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia kwenye soko la hisa la Nairobi, na Wakenya wengi walijiona ni wenye duka. Lakini upanuzi wa haraka na uendeshaji mbaya vikaliingiza duka kwenye madeni. Katikati ya mwaka 2006 milango ilifungwa. Serikali ikaingilia, maduka yakafunguliwa tena, na mwaka 2011 hisa zikarudi sokoni. Watu walifikiri mgonjwa amepona. Mwaka 2015 Uchumi ilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania, na nyumbani wauzaji wa jumla walikuwa wakidai fedha zao.

Wengine walianzia kwenye magodoro. Nakumatt ilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mji wa Nakuru, na jina lenyewe ni vipande vya maneno hayo mawili vilivyounganishwa. Jina la kisheria la Tuskys nalo lilikuwa Tusker Mattresses. Maduka haya mawili yaliacha vitanda yakageukia unga, sukari, maziwa na kila kitu. Nakumatt ilifika matawi zaidi ya 60, ikaingia Uganda, Rwanda na Tanzania. Huko Tanzania, mwaka 2014, ilichukua maduka matatu ya Shoprite ya Afrika Kusini na kuyawekea kibao chake.

Siri ya ukubwa huo ilikuwa deni. Supamaketi hupokea maziwa leo, huyauza leo au kesho kwa fedha taslimu, lakini humlipa mwenye maziwa baada ya mwezi mmoja au miwili. Katikati hapo duka linashika fedha ambazo si zake. Mwenye duka mwangalifu huziweka tayari kwa siku ya kulipa. Mwenye tamaa huzitumia kufungua tawi jingine, kisha tawi jingine, akitumaini kwamba mauzo ya tawi jipya yatalipa deni la tawi la zamani. Mambo huenda vizuri mpaka siku muuzaji wa jumla anapokataa kuleta mali. Rafu zikipungua mteja haji, mteja asipokuja fedha haziingii, na deni linabaki pale pale.

Hilo ndilo lililotokea. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilikuwa zimeanza kubaki wazi. Januari 2018 mahakama ililiweka duka chini ya msimamizi, likiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wanaodai walipiga kura kulifunga, na maduka sita ya mwisho yaliuzwa kwa Naivas kwa shilingi milioni 422. Tuskys ikafuata njia hiyohiyo kuanzia mwaka 2020. Wenye maduka waliandikwa magazetini, lakini hasara iliwafikia watu ambao majina yao hayakuandikwa: mfugaji aliyepeleka maziwa, mama aliyetengeneza siagi ya karanga katika karakana ndogo, kijana wa kwenye rafu aliyedai mishahara ya miezi. Wao ndio waliokuwa wamelikopesha duka kubwa bila kujua kwamba wanakopesha.

Kenya ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa ili kumbana mnunuzi mkubwa anayemwonea muuzaji mdogo, pamoja na kumcheleweshea malipo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini wakati mwingine mdaiwa mwenye nguvu anahitaji sheria ili akumbuke methali hiyo.

Kuna waliobadilisha jina wakafanikiwa. Naivas ilianza mwaka 1990 kwa jina la Rongai Self Service Stores, ikawa Naivasha Self Service Stores, na mwaka 2007 ikafupishwa kuwa Naivas. Iliendelea kukua wakati majirani zake wakianguka, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius ilinunua sehemu ya hisa. Tumaini, duka lingine la Kenya, liliungana na Quickmart, na matawi yake yakachukua jina la Quickmart. Kwa upande mwingine, Ukwala ilinunuliwa na Choppies ya Botswana, kibao kikabadilishwa, na baada ya miaka michache tu Choppies ikaondoka Kenya. Nchini Uganda, Shoprite ilipoondoka mwaka 2021, Carrefour ilichukua maduka yake. Shoprite hiyohiyo ilifungua milango Kinshasa mwaka 2012, lakini haikudumu Kongo, ikauza na kuondoka.

Tofauti kati ya Naivas na Choppies haikuwa uzuri wa jina. Mteja hakumfuata Naivas kwa sababu ya herufi zake, alimfuata kwa sababu alikuta mkate na unga kila alipokwenda. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibao kipya ni njia mojawapo ya kujitembeza. Kinaweza kumwingiza mteja mara ya kwanza. Hakiwezi kumrudisha mara ya pili ikiwa rafu ni tupu.

Haya yote yanahusu nini familia ya Katanika ambayo haijawahi kuingia supamaketi? Yanahusu, kwa sababu hesabu ni ileile hata pale ambapo duka ni meza ya mbao na turubai. Mwenye meza anachukua unga kwa mwenye depo kwa ahadi ya kulipa jioni. Akikopesha majirani wengi kuliko anavyoweza kubeba, kesho depo haitampa mfuko, na meza itafungwa. Mama anayempelekea mwenye butiki ndagala au mkaa kwa ahadi ya kulipwa wiki ijayo ni muuzaji wa jumla, sawa na yule mfugaji wa Kenya. Ana haki ya kuuliza lini atalipwa, na ana haki ya kupunguza mzigo ikiwa deni la kwanza halijalipwa. Nakumatt haikuanguka siku moja. Deni lake lilikua polepole, huku wengi walioidai wakiendelea kupeleka mali.

Hali ni hiyohiyo pale mashirika ya kiutu yanapowapa wahami fedha au kuponi badala ya chakula. Kuponi inabadilisha wahami kuwa wateja, na hilo ni jambo jema, kwa sababu mteja anaweza kuchagua. Lakini mfanyabiashara anayepokea kuponi anatoa unga leo na kulipwa baadaye. Malipo yakichelewa, atapandisha bei ili kujikinga, au atatoa unga hafifu. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kopo la unga limepanda asiangalie meza peke yake. Aulize pia nani amechelewa kumlipa nani huko juu.

Na lile wazo la ndugu wa Albrecht, la kununua aina chache kwa wingi, halihitaji jengo la kioo. Familia kumi zinazochanga kama watu wa likelemba zinaweza kununua mfuko mzima kwa bei ya depo, kuugawa kwa kipimo kimoja mbele ya macho ya wote, na kuacha kulipa ile bei ya pili, bei ya kopo la jioni. Kinachohitajika ni kipimo cha kweli, daftari, na mtu wa kushika fedha ambaye wote wanamwamini. Mtu huyo akikosekana, mpango utakufa kama maduka ya mwaka 1973, hata ukipewa jina zuri namna gani.

Njia ya mali kati ya Kigoma na Kalemie bado ni ndefu, na vibao vipya vitaendelea kupakwa rangi mjini na pembezoni mwake. Anayeona kimoja hana sababu ya kukiogopa wala ya kukishangilia. Atazame kama rafu zimejaa mwezi wa pili na wa tatu, na awasikilize wachukuzi, wenye mitumbwi na wakulima wanaoleta mali. Wakisema wanalipwa, bei ya duka hilo inaweza kudumu.